Masikio mawili, njia mbili: kisa cha mwendesha injini wa Igombe

Mwanamume wa miaka 52, mwendesha injini kwenye mitumbwi ya dagaa inayotokea mwalo wa Igombe, aliingia kliniki ya masikio, pua na koo mjini Mwanza kichwa kimelala upande wa kulia, kama mtu anayengoja maji yamtoke. Daktari, ambaye ni mdogo kwake kwa umri, alimwamkia shikamoo. Hakujibu mpaka mkewe alipomgusa bega. Kisha akasema: "Dokta, sikio limekufa. Nikitafuna ndiyo nasikia, tena kama mtu anatembea juu ya bati." Siku hiyo ilikuwa ya 15 tangu lizibe.

Mgonjwa huyu ni wa mfano. Tumemuunda kutokana na mambo yanayojirudia kliniki, ili kisa kimoja kibebe maswali ambayo kwa kawaida huja kwa wagonjwa watano. Hatua, vipimo na sababu za kitabibu ni zile zile zinazotumika.

Aliyemwona angesema ni nta tu, itolewe aende. Nta ilikuwepo kweli, kwenye masikio yote mawili. Lakini sikio la kushoto lilisafishwa kwa maji, na la kulia halikupaswa kuguswa na tone la maji. Kilichotofautisha masikio hayo mawili hakikuonekana kwa jicho siku ile, maana nta yenyewe ndiyo iliyokifunika.

Siku kumi na tano za kujitibu

Jioni ya siku ya kwanza alioga ziwani, akazama kichwa mara mbili tatu, akatoka sikio la kulia limeziba. Wengi hudhani maji yamebaki ndani. Ukweli ni kwamba nta inaweza kujaza karibu njia yote ya sikio na mtu asijue lolote, mradi pawe na upenyo japo wa unywele unaopitisha hewa na sauti. Maji yakiingia, nta hunywa, huvimba, na upenyo ule hufungwa kwa dakika moja. Mtu huapa kwamba jana alikuwa mzima. Jana sikio lilikuwa limebakiza upenyo wa unywele tu.

Siku ya pili akachukua njiti ya kiberiti, akaiviringishia pamba, akachokonoa. Hapa ieleweke njia ya sikio ilivyo. Kwa mtu mzima ina urefu wa takriban sentimita 2.5. Theluthi ya nje ni gegedu lenye ngozi nene, vinyweleo na tezi, na ni humo tu nta inamotengenezwa. Theluthi mbili za ndani ni mfupa uliofunikwa na ngozi nyembamba sana, isiyo na mafuta ya kuikinga, inayouma na kutoa damu kwa kuguswa kidogo. Sikio lina utaratibu wake wa kujisafisha: ngozi ya ngoma ya sikio na ya njia yake husogea yenyewe kuelekea nje, kwa mwendo unaokaribia ule wa ukucha kukua, ikibeba nta na vumbi, na kutafuna husaidia kuitikisa. Kwa hiyo nta inayokutwa ndani kabisa, kwenye mfupa, mara nyingi haikuzaliwa huko. Imesukumwa. Pamba inayotoka na rangi ya kahawia humfurahisha mtu, ila kile kidogo kilichonaswa na pamba ni makombo; sehemu kubwa imeshindiliwa mbele ya ngoma.

Siku ya tatu alipasha mafuta ya alizeti kwenye kijiko na kuyamimina. Kwa bahati yalikuwa yamepoa. Mafuta ya moto huunguza ngozi ile nyembamba na yanaweza kutoboa ngoma, na mtu hawezi kupima joto la kijiko kwa kukitazama.

Siku ya tano muuza duka la dawa alimpa matone ya jentamaisini, dawa ya kuua bakteria. Hakukuwa na bakteria wa kuua, na dawa hiyo ina tabia mbaya: ikipita kwenye ngoma yenye tundu, inaweza kufika sikio la ndani na kuua chembe za kusikia na za kumpa mtu mizani, ambazo hazioti tena. Matone ya masikio hayafanani kama wengi wanavyodhani.

Siku ya nane zahanati moja ilijaribu kumpiga maji. Bomba la sindano, maji ya ndoo, sikio la kulia. Baada ya bomba la pili dunia ikazunguka, akatapika, akashika ukuta. Aliambiwa ni kawaida. Siyo. Sikio la ndani liko milimita chache tu nyuma ya ngoma, na kimiminika kilichomo huanza kutembea kikipoozwa au kupashwa. Ubongo huelewa kwamba kichwa kinazunguka. Madaktari hulifanya hilo makusudi wanapotaka kupima mizani: hutumia maji ya nyuzi 30 na ya nyuzi 44, yaani nyuzi 7 tu chini na juu ya joto la mwili, na hizo zinatosha kumzungusha mtu mzima mwenye afya. Maji ya ndoo yaliyolala chumbani usiku kucha huwa ya baridi zaidi ya hapo. Na kwa mgonjwa huyu kulikuwa na sababu ya pili, iliyojulikana baadaye.

Maswali kabla ya kurunzi

Kabla hata kifaa cha kuangalia masikio hakijawashwa, yapo maswali ambayo majibu yake huamua njia. Sikio limewahi kutoa usaha? Limewahi kufanyiwa upasuaji au kuwekewa mrija? Una kisukari, au ugonjwa au dawa inayoshusha kinga? Unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda? Hili ndilo sikio pekee unalosikilia? Uliwahi kuchomwa sindano za kifua kikuu miezi kadhaa? Maji yaliwahi kukuumiza sikioni?

Kila jibu lina uzito wake. Mwenye kisukari akisafishwa kwa maji na ngozi ikachubuka, bakteria wanaweza kuingia mpaka mfupa wa chini ya fuvu, ugonjwa unaoua. Mwenye sikio moja linalosikia hafanyiwi jaribio lenye hatari yoyote kwenye sikio hilo. Na mtoto aliyeingiza punje ya harage au hindi hapigwi maji kabisa, kwa kuwa punje huvimba na kubana; akiwa ameingiza betri ya saa, ni dharura ya saa chache, kwa sababu betri inayokutana na unyevu huchoma nyama, na maji huongeza kasi.

Swali la usaha mgonjwa alilijibu haraka: hapana, kamwe. Mkewe akamgeukia. "Baba Kulwa, si mama alikuwa anasema ulitoka usaha mpaka darasa la tano? Hata shuleni walikuwa hawataki kukaa na wewe." Akacheka, akakubali. Sikio lipi? La kulia.

Jibu hilo moja lilibadilisha kila kitu. Usaha wa miaka mingi utotoni maana yake ngoma huenda ilitoboka, na tundu la namna hiyo wakati mwingine hubaki wazi maisha yote, kavu, bila kuuma. Watu husahau usaha wa utotoni kama wanavyosahau surua. Ndiyo maana swali hili haliulizwi mara moja. Huulizwa tena kwa maneno mengine: ulikuwa ukikatazwa kuogelea? Mto wa kulalia ulikuwa ukilowa? Mama alikuwa akikuweka pamba? Na akiwepo ndugu, aulizwe naye.

Kilichoonekana, na kilichosikika

Kwa mwanga wa otoskopu, yaani kile kifaa cha kuangalia masikio, sikio la kulia lilikuwa limezibwa lote na kitu cheusi kinachong'aa kama lami iliyokauka, chenye shimo dogo katikati, alama ya kichwa cha njiti. Nyuzi za pamba zilikuwa zimenasa pembeni. Ngozi ya njia ilikuwa nyekundu kidogo na mchubuko ulionekana chini, lakini hapakuwa na usaha wala harufu. Kushoto, nta ya kahawia, laini kiasi, ilijaza kama robo tatu; juu yake palionekana kipande cha ngoma, cheupe kama lulu, kizima.

Hapa ndipo wengi huishia. Wameona nta, wamepata jibu. Ila nta ni ya kawaida mno kiasi kwamba inaweza kukaa mbele ya ugonjwa mwingine bila kuwa na uhusiano nao, na upo mmoja usiosubiri: kupoteza usikivu ghafla kwa sababu ya sikio la ndani au mshipa wake wa fahamu. Huo hutibiwa kwa dawa za steroidi, na matumaini hupungua kadiri siku zinavyopita. Mtu mwenye hali hiyo akipewa mafuta ya kulainisha nta na kuambiwa arudi baada ya wiki, wiki ile imeliwa.

Kinachotenganisha hayo mawili ni kipande cha chuma kisichotumia umeme, uma wa sauti wa hezi 512 (unaotikisika mara 512 kwa sekunde), na dakika mbili. Uma hugongwa gotini au kwenye kiwiko, kitako chake kikawekwa katikati ya paji la uso. Hiki ni kipimo cha Weber. Kama sikio limezibwa tu, sauti inayopita kwenye mfupa husikika zaidi upande ule ule ulioziba, jambo linalowashangaza wagonjwa. Kama tatizo ni sikio la ndani, sauti hukimbilia upande mzima. Msomaji anaweza kujaribu sasa hivi: ziba sikio moja kwa kidole, kisha vuma kama nyuki; mvumo unahamia upande uliozibwa. Mgonjwa wetu alinyooshea kidole kulia. Kisha kipimo cha Rinne: uma ukawekwa kwenye mfupa wa nyuma ya sikio la kulia, halafu mbele ya tundu. Alisikia vizuri zaidi kwenye mfupa. Kushoto alisikia vizuri zaidi hewani. Yote mawili yakasema kitu kimoja: kulia kuna kizuizi cha kupitisha sauti, na sikio la ndani bado linafanya kazi.

Kipimo cha usikivu kilichofanyika siku hiyo kilitoa wastani wa desibeli 58 kulia na 27 kushoto; namba ikiwa kubwa, usikivu ni mdogo. Nta peke yake, ikiziba kabisa, huweza kushusha usikivu kwa desibeli 30 au 40. Lakini 58 ni nyingi. Tayari hesabu ilikuwa inadokeza kwamba nyuma ya nta kuna jingine.

Sikio la kushoto: maji

Ngoma ilionekana kwa sehemu, historia safi, hakuna kisukari. Maji yaliruhusiwa, ila si siku ile. Alipewa matone ya bikaboneti ya sodiamu ya asilimia 5, manne asubuhi na manne jioni kwa siku nne, akilala ubavu dakika tano kila mara. Aliambiwa mapema kwamba siku ya pili au ya tatu sikio la kushoto nalo linaweza kuziba, kwa kuwa nta inavimba kabla ya kumeguka. Asiyeambiwa hilo huacha dawa, au hurudi kwenye njiti. Mafuta ya zeituni yangefaa vile vile; hakuna ushahidi mzito kwamba tone moja linalishinda lingine, na hata maji vuguvugu yaliyowekwa dakika 15 kabla ya kusafisha husaidia.

Siku ya kusafisha, maji safi yalichanganywa yakapimwa kwa kipimajoto: nyuzi 37. Kuchovya kidole hakutoshi, kwani mkono uliovaa glovu hudanganya. Maji hupimwa tena katikati ya kazi, kwa sababu bakuli la maji nusu lita hupoa wakati mtu anaongea.

Mgonjwa alikaa wima, taulo begani, bakuli la umbo la figo limekazwa chini ya ndewe. Kifaa kilikuwa bomba la mililita 20 lenye mrija laini wa plastiki, ule wa kanula ya drip baada ya kutoa sindano na kukata ncha iwe butu. Mrija lazima ukazwe na ushikwe kwa vidole viwili kwenye shingo yake. Ukiachwa hulegea, ukachomoka kwa shinikizo na kupiga ngoma kama mshale. Penye mashine ya umeme inayodhibiti nguvu ya maji, ndiyo itumike. Lile bomba kubwa la chuma la zamani liachwe kabisa, halina namna ya kujua nguvu inayotoka. Mwongozo wa taasisi ya NICE ya Uingereza wa mwaka 2018 unakataza mabomba ya mkono kwa nta. Huku kwetu zahanati nyingi hazina mashine, na bomba dogo la plastiki kwa mkono mwepesi ndilo lililopo. Ndiyo maana masharti yake tunayataja moja moja.

Sikio la mtu mzima huvutwa juu na nyuma ili njia inyooke. La mtoto mdogo, chini na nyuma. Ncha ya mrija haipiti theluthi ya nje, na haizibi tundu, maana maji yanayoingia lazima yapate mlango wa kutokea. Mkondo huelekezwa ukuta wa juu-nyuma, kama mshale wa saa iliyo mbele yako umeelekea namba 1 kwa sikio la kushoto. Lengo ni maji yapite juu ya nta, yagonge nyuma, yarudi yakiisukuma kutoka ndani. Mkondo ukielekezwa katikati, unaipigilia nta ndani na unaipiga ngoma.

Mabomba mawili ya kwanza yalitoa maji ya rangi ya chai. La tatu, vipande. Ukaguzi kwa otoskopu. La tano likatoa donge zima, laini, likaelea. Jumla mililita 100. Kama mililita 200 zingepita bila kitu kusogea, kazi ingesimama, maji yangeachwa sikioni dakika 15, na kujaribiwa mara moja zaidi. Baada ya hapo ni kurudi kwenye matone au kwenda kwa mtaalamu. Maumivu makali, kizunguzungu au damu husimamisha kazi pale pale. Kikohozi hakisimamishi: tawi la mshipa wa fahamu unaohudumia koo na mapafu hupita kwenye ukuta wa nyuma wa njia ya sikio, na mgonjwa alikohoa mara mbili mrija ulipougusa. Alidhani amepatwa na mafua. Mtu akianza kutoka jasho na kulegea, huyo alazwe chali. Mshipa huo huo huweza kumzimisha.

Mwisho, kichwa kiliinamishwa, maji yaliyobaki kwenye kona ya chini-mbele yakakaushwa kwa utambi wa pamba uliozungushwa kwenye kijiti chenye meno, chini ya mwanga. Kona hiyo ni bonde. Isipokaushwa, kwa hali ya hewa ya pembezoni mwa ziwa, fangasi wanaota. Ngoma ilionekana yote, nzima, na wekundu kidogo kando ya kifupa cha nyundo. Wekundu huo ni wa kawaida baada ya maji, haudai dawa.

Sikio la kulia: bila maji

Hapa palitakiwa hadubini, mashine ya kufyonza, na mtu aliyezoea kuvitumia pamoja. Mgonjwa alilazwa chali, kichwa kimegeuzwa kushoto. Alionyeshwa kwanza mlio wa mashine ikiwa nje ya sikio, kisha akaambiwa atarajie kelele kubwa, kama maji ya mwisho yanavyovutwa kwenye tundu la karo, na kwamba akitaka kusogea ainue mkono kwanza. Maelezo hayo si adabu tu. Ncha ya kufyonzea iko milimita chache kutoka kwenye ngoma, na mtu anayeruka kwa kushtuka hujitoboa mwenyewe.

Koni ya kutazamia sikio, ile pana kuliko zote inayoingia bila kuuma, ndiyo inayochaguliwa, kwa kuwa nafasi ni kuona. Ncha huanza pembeni, pale nta inapoachana na ukuta. Hugusa nta, haigusi ngozi. Hufyonza sekunde chache na kutoka, chache na kutoka, kwa sababu hewa inayopita kasi hupooza sikio kama yalivyofanya maji ya ndoo, na kelele yenyewe haifai kwa sikio. Robo ya nje ilitoka hivyo, pamoja na nyuzi za pamba. Iliyofuata ilikuwa ngumu kama gundi ya mbao, haifyonzeki. Hapo hutumika ndoano ndogo butu: hupitishwa ikiwa imelala, kwenye upenyo unaoonekana kati ya nta na ukuta wa juu, ikishafika nyuma huzungushwa robo duara, kisha huvutwa. Usipouona upenyo, huipitishi. Sheria haina msamaha, kwani ndoano inayopita gizani ndiyo inayong'oa vifupa vya sikio la kati.

Nusu ikatoka. Nusu ya ndani ilikuwa imeshikamana na ukuta wa chini, palipokuwa na mchubuko wa njiti. Ilipovutwa aliuma meno, na ukingo ukatoa tone la damu. Daktari akasimama.

Kusimama huku ndiko kunakomtofautisha mtaalamu na fundi wa kutoa uchafu masikioni. Mgonjwa ametoka mbali, ameacha kazi, anataka amalize leo. Ila ngozi iliyoraruka juu ya mfupa huvimba, hufunga njia, huambukizwa, na nta iliyobaki haitoki tena mpaka uvimbe utulie. Alirudishwa nyumbani na mafuta ya zeituni, matone mawili kila jioni kwa siku tatu. Wapo wataalamu wasioweka hata hayo penye shaka ya tundu. Hapa yalikubaliwa kwa sababu donge bado lilikuwa limefunika njia ya ndani, na mafuta hayo si sumu kwa sikio la ndani kama ilivyo jentamaisini. Haidrojeni peroksaidi na matone yenye spiriti vilikatazwa.

Safari ya pili, baada ya siku nne, kipande kilichobaki kilijivua kwa ndoano bila maumivu. Kilikuwa na umbo la njia yenyewe, kama mshumaa uliomiminwa kwenye kalibu, urefu wa milimita 11, na upande wa ndani kilikuwa na alama ya duara.

Alama hiyo ilikuwa ya tundu. Kwenye sehemu ya chini-mbele ya ngoma palikuwa na uwazi wenye kingo laini, mkavu, unaokaribia robo ya ngoma, na pembeni yake mabaka meupe ya chokaa, makovu ya usaha wa utotoni. Daktari alipandisha mwanga mpaka paa la ngoma, sehemu inayosahaulika, akitafuta mfuko wa ngozi iliyonywea ndani au magamba meupe, dalili za uvimbe unaokula mfupa. Hapakuwa na kitu. Eneo hili haliwezi kukaguliwa nta ikiwepo, na hiyo ni sababu tosha ya kutazama tena baada ya kusafisha hata kama mgonjwa anashukuru na kuvaa kofia.

Sasa yale ya zahanati yakaeleweka. Maji ya baridi yalipenya kando ya donge, yakapita kwenye tundu na kuingia sikio la kati, jirani kabisa na sikio la ndani. Na donge lile lile lililomsumbua ndilo lililozuia sehemu kubwa ya maji ya ndoo na matone ya jentamaisini yasifike huko.

Baada ya nta

Kipimo kilichorudiwa kilionyesha wastani wa desibeli 34 kulia na 16 kushoto. Usikivu wa kulia ulikuwa umepanda kwa desibeli 24, hiyo ilikuwa sehemu ya nta. Kiasi kikubwa cha pengo lililobaki ni cha tundu. Lakini mchoro wa masikio yote mawili ulikuwa na bonde kwenye hezi 4000, likishuka hadi desibeli 50 kisha kupanda tena kidogo. Bonde la namna hiyo ni sahihi ya kelele. Miaka ya kukaa nyuma ya mtumbwi, mkono kwenye usukani wa injini, usiku kucha. Nta haikuleta hilo na kuitoa hakukuliondoa, na mgonjwa aliambiwa hivyo waziwazi, asije akadhani hakusafishwa vizuri.

Kuhusu kuzuia kelele kulikuwa na mjadala mfupi. Vizibo vya sponji vinavyoingia sikioni ni rahisi kupata, ila husukuma nta na hulowa jasho, na sikio la kulia lenye tundu halivitaki. Akashauriwa vifuniko vya nje, vile vya mafundi wa kukata vyuma. Akauliza atasikiaje nahodha akimwita. Wakakubaliana avivae wakati wa safari ya kwenda na kurudi, injini ikiwa inanguruma, na kuvivua kazi ya nyavu inapoanza.

Sikio la kulia lisiingie maji: pamba iliyopakwa mafuta mazito ya mgando wakati wa kuoga, na kutozama kichwa ziwani. Likianza kutoa usaha, aje. Dawa itakayochaguliwa iwe ya kundi lisilodhuru sikio la ndani, kama matone ya siprofloksasini, wala asirudie chupa ya mwanzo. Chupa hiyo aliiacha mezani kwa daktari. Kushoto, matone mawili ya mafuta ya zeituni mara moja kwa wiki yanatosha. Kulia hakuna tone, bali ukaguzi na kufyonzwa kila baada ya miezi sita.

Tundu lenyewe linaweza kuzibwa kwa upasuaji, kwa utando unaochukuliwa kwenye msuli ulio juu ya sikio lake mwenyewe. Huduma za kibingwa za masikio kwa Kanda ya Ziwa zinapatikana hospitali ya rufaa ya Bugando, na barua iliandikwa. Hakuna haraka, kwa kuwa sikio ni kavu, ingawa ukavu ndio wakati mzuri wa kulifanyia kazi. Alihesabu kwa vidole, akaomba tarehe iangukie siku za mbalamwezi, taa za kuvulia dagaa zinapokuwa hazina kazi na mitumbwi imepumzika. Mkewe akaiandika kwenye simu yake.